Mdomo Ulitangulia Bunduki

Sisi tuliokulia Mwanza, wa Kirumba na wa Mabatini, wa Igoma na wa Nyakato, tuliambiwa jambo moja na kina mama zetu kabla hata hatujajua kusoma: usipige mluzi usiku, utaita nyoka. Wengi tulitii. Wachache wakorofi walipiga mluzi makusudi, halafu wakalala na miguu juu ya kitanda. Nyoka hakuja. Lakini hebu ndugu msomaji tuliangalie katazo lile kwa jicho la historia. Ndani yake mna fikra kubwa sana: kwamba sauti ya mtu inaweza kumtoa kiumbe wa porini mahali alipo na kumleta miguuni pako. Fikra hiyo haikuzuka hewani. Watu wa zamani waliijua kwa sababu waliishi nayo. Walikuwa wakiwaita wanyama, na wanyama walikuwa wakija.

Vitabu vingi vya historia ya uwindaji vinaanza na silaha. Vinatupa mshale, halafu mkuki, halafu gobole, halafu bunduki ya Mzungu. Ni kama kwamba mwindaji hakuwa na kingine zaidi ya mikono. Mimi nataka kuanza na mdomo. Nimo katika kuandika riwaya ambayo ndani yake yumo mwindaji wa upande wa mashariki wa ziwa letu, na nilipotaka kumfanya aite mnyama ilinibidi nisome na kuuliza: hivi huitwaje? Nani aliita, wapi, na kwa nini mnyama aitikie wakati anajua kuwa binadamu ni adui yake? Niliyoyapata ni mengi kuliko riwaya moja inavyoweza kubeba. Ndiyo maana nimeyaleta hapa.

Nianze mbali kidogo, Ulaya. Kule kuna paa mdogo mwekundu wa misituni ambaye Wajerumani humwita Reh. Majira yake ya kupandana ni kati ya katikati ya Julai na katikati ya Agosti, wakati wa joto. Jike akiwa tayari hutoa mlio mwembamba, kama kichanga anayelia kwa mbali. Wawindaji wa Ujerumani waligundua zamani kwamba jani la mti, likishikwa vizuri kati ya vidole na kupulizwa kwa midomo, hutoa mlio ule ule. Basi mwindaji hujibanza nyuma ya mti, hupuliza mara tatu au nne, hunyamaza, hupuliza tena. Dume lililokuwa limejificha siku zote mwaka mzima, lile zee lenye akili kuliko yote, hutoka mbio kichwa chini likitafuta mchumba. Linakutana na risasi. Siku hizi jani limeachiwa filimbi za mti na za mpira, lakini uwindaji wenyewe kwa Kijerumani bado unaitwa kwa jina linalotokana na neno "jani".

Angalia jinsi hila hii inavyofanya kazi. Mwindaji hatafuti nguvu za mnyama wala udhaifu wa miguu yake. Anatafuta ile saa moja ambayo mnyama anataka kitu kuliko anavyoogopa kufa. Hapo ndipo anapoingiza sauti yake. Na ili aweze, lazima ajue mambo mengi: mwezi gani, saa ngapi, upepo unatoka wapi, jike analia vipi akiwa na hamu na analia vipi akiwa na hofu. Akikosea kidogo tu, dume linatoweka na halirudi. Kuita ni elimu, tena elimu isiyo na mchezo.

Sasa turudi kwetu.

Ukitoka Mwanza kwa barabara ya Musoma, ukapita Magu, ukapita Lamadi, hujamaliza kilomita 150 utafika Ndabaka. Hapo mbuga ya Serengeti inakuja karibu kabisa na Ghuba ya Speke. Ghuba hiyo imepewa jina la Mwingereza John Hanning Speke aliyeliona ziwa hili tarehe 3 Agosti 1858 na kulibatiza jina la malkia wake, kama vile halikuwa na majina. Mwezi wa Mei na Juni, mvua za masika zikikatika na nyanda za kusini mashariki zikianza kukauka, nyumbu huanza safari ya kuja magharibi kuufuata mto Grumeti na Mbalageti. Na ndiyo hayo hayo majira yao ya kupandana. Dume hushika kipande kidogo cha ardhi, hukimbia huku na huko akikusanya majike, povu mdomoni, na wakati wote anakoroma kwa puani. Maelfu yakikoroma pamoja, usiku na mchana, ni sauti kama ya vyura wa ziwa zima, tena vyura wenye vifua vya ng'ombe.

Kwa nini kelele zote hizo? Mtu wa kawaida atasema madume yanatishana. Ni kweli, lakini si yote. Mwaka 2018 kundi la watafiti, miongoni mwao akiwamo Richard Estes aliyekuwa ameanza kuwachunguza nyumbu wa Ngorongoro tangu miaka ya 1960, lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa Serengeti. Waliwatenga majike wa nyumbu uani. Wengine wakasikilizishwa mikoromo ya madume iliyorekodiwa, wengine hawakusikilizishwa. Wale waliosikia, siku zao za kupata mimba zilikaribiana kuliko za wale ambao hawakusikia. Kumbe sauti ya dume inaingia masikioni mwa jike na kufika mpaka kwenye damu! Ndiyo sababu mojawapo inayofanya ndama wa nyumbu, karibu wanane katika kila kumi, wazaliwe ndani ya majuma machache tu, mwezi wa Februari. Fisi na simba wanakula mpaka wanashindwa, na bado ndama wengi wanabaki hai. Kwa hiyo wito si mapambo. Wito ndio unaopanga kalenda ya uhai wa wanyama zaidi ya milioni moja.

Nasema zaidi ya milioni moja, lakini haikuwa hivyo siku zote. Sotoka ilipoingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliua ng'ombe, nyati na nyumbu bila kuhesabu, na njaa ikafuata. Ugonjwa ule ulibaki kwa wanyama wa pori mpaka kwenye miaka ya 1960. Mwanzoni mwa miaka hiyo nyumbu wa Serengeti walikuwa kama laki mbili na nusu. Ng'ombe wa pembezoni walipochanjwa na sotoka ikatoweka, nyumbu waliongezeka mpaka wakapita milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Maana yake ni kwamba babu zetu waliowinda wakati wa Mjerumani waliwinda katika mbuga iliyokuwa na kimya kikubwa, si hii ya kelele tunayoonyeshwa kwenye filamu.

Na walikuwa wawindaji kwelikweli. Katika Usukuma uwindaji haukuwa kazi ya kila mtu aliyeshika upinde. Ulikuwa na vyama vyake, vyenye mafunzo, dawa, miiko na nyimbo. Walikuwapo Bayege, wawindaji wa tembo. Walikuwapo Banunguli, waliowafuata nungunungu mpaka ndani ya mashimo. Na walikuwapo Bagoyangi, watu wa nyoka, ambao ngoma yao mpaka leo huwakusanya watu wakimwona chatu akichezeshwa mabegani. Kama unataka kuona habari za ngoma hizo, panda gari la Kisesa ushuke Bujora. Hapo padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianza katika miaka ya 1950 kukusanya vyombo na ngoma za Wasukuma, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa makumbusho. Naye Mmarekani Frank Gunderson alikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma, zikiwamo za wawindaji hawa, akazitoa katika kitabu kikubwa mwaka 2010.

Jambo linalonigusa katika vyama hivyo ni hili: mtu alipewa sauti kwanza, silaha baadaye. Mwanachama alijifunza nyimbo. Aliyeijua nyimbo ya chama ndiye aliyeonekana kuwa mwenzao. Porini na nyumbani, sauti ilikuwa ndiyo cheti. Leo cheti ni karatasi.

Karatasi yenyewe ilikuja na Mjerumani. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kwanza ya wanyamapori katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani: kuwinda kukahitaji kibali, na sehemu fulani zikatengwa. Mwezi Mei 1900 wajumbe wa nchi za Ulaya zenye makoloni walikutana London wakaandika mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika. Mwafrika hakuwamo mezani. Mkataba huo haukupata kutekelezwa wote kwa sababu si wote waliouidhinisha, lakini mawazo yake yaliingia katika sheria za makoloni. Uliwataka watawala wazuie au wapunguze nyavu na mashimo ya mtego, yaani zana za mtu asiye na bunduki. Waingereza walipoichukua Mwanza mwaka 1916 na baadaye kupewa nchi nzima, walitunga sheria yao ya wanyama mwaka 1921. Serengeti ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Baada ya uhuru tukaandika yetu mwaka 1974, na nyingine mwaka 2009.

Jamani, sisemi sheria hizi ni mbaya. Bila sheria, pengine Ndabaka leo ingekuwa mashamba ya pamba matupu. Ninachosema ni kwamba katika historia hii kuna jambo la kuuma. Kule Ujerumani, mtu aliyejua kumwita paa kwa jani alihesabiwa kuwa bingwa, mtu mwenye subira na heshima kwa mnyama, na sheria ya kwao ilimpa msimu wake. Huku koloni, mtu aliyejua mambo hayo hayo kwa mnyama wa kwao alihesabiwa kuwa mharibifu. Elimu moja, majina mawili. Mmoja anaitwa mwindaji, mwingine anaitwa jangili. Na wakati wa Operesheni Uhai, iliyoanza mwaka 1989 nchi nzima, wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori walipoingia vijijini kuwasaka majangili wa pembe za ndovu, mzee mwenye nyimbo za Bayege kichwani hakuwa na sababu ya kuziimba kwa sauti.

Halafu ukaja waya. Hapa ndugu zangu tuwe wakweli. Kitanzi cha waya hakihitaji mwezi, hakihitaji upepo, hakihitaji kujua jike analia vipi. Unakifunga mtini unaondoka. Kinakamata nyumbu, kinakamata twiga, kinakamata mama mwenye mimba, kinakamata simba aliyepita zake. Watafiti wamekadiria kwamba nyumbu wanaouawa kwa njia hii Serengeti ni makumi ya maelfu kwa mwaka. Mwindaji wa kuita alilazimika kumjua mnyama mmoja mmoja. Wa waya halazimiki kumjua hata mmoja. Sheria iliwaweka wote wawili katika kapu moja, na katika kapu hilo aliyejua akafa na ujuzi wake, asiyejua akabaki na waya wake. Hiyo ndiyo hasara ninayotaka vijana wenzangu waione. Wanyama tunawahesabu kwa ndege kutoka angani. Ujuzi uliopotea nani anauhesabu?

Si kila wito ni wa mapenzi. Ukivuka maziwa kwenda magharibi, kwenye misitu ya bonde la Kongo, wawindaji humwita funo na wenzake wadogo kwa njia nyingine. Mtu huchuchumaa, hubana pua kwa vidole, hutoa mlio wa kukwama, wa uchungu, kama mtoto wa paa aliyekamatwa. Dakika chache baadaye funo anatokea kwenye majani, masikio wima. Wataalamu nao wakaiga. Kwa kuwa katika msitu mnene huwezi kuwahesabu funo kwa macho, watafiti wamekwenda na wawindaji wenyeji, wakaita, wakahesabu wanaokuja. Elimu ya mtu aliyebana pua ikaingia katika takwimu za vyuo vikuu.

Hivyo hivyo Serengeti. Katika miaka ya 1990 Karen McComb na Craig Packer na wenzao waliweka spika porini wakawapigia simba ngurumo za simba wageni. Mwaka 1994 walichapisha walichokiona: majike waliosikia ngurumo ya mgeni mmoja walikuwa wepesi kwenda kumkabili, lakini waliosikia wageni watatu walisita, hasa kama wao wenyewe walikuwa wachache. Simba wanahesabu! Kule Mara, upande wa Kenya, watafiti walitumia sauti kuwaita simba na fisi ili wakadirie idadi yao, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 1998.

Lakini spika ni kitu cha hatari kama waya. Haichoki, haikosei, na mtu yeyote akibonyeza inaita. Ndiyo maana mkataba wa Afrika wa kuhifadhi maumbile, ule uliopitishwa Maputo mwaka 2003, unaitaja tepurekoda miongoni mwa zana zisizotakiwa katika uwindaji, katika orodha moja na mitego ya kitanzi na taa za kumulika. Hapo nawaunga mkono kabisa walioandika. Mdomo una kiasi. Mashine haina kiasi.

Watu wa ziwani mtaniuliza: mbona unasema ya porini tu? Haya. Ziwani nako kuna kuita na kuna kufukuza. Wavuvi wa dagaa huita kwa taa. Usiku usio na mwezi, ukisimama juu ya mawe ya Capri Point, unaona taa zimetapakaa majini kama mji wa pili. Dagaa hufuata mwanga, na mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika kwa sababu mwezi unawashinda taa. Huo ni wito bila sauti. Kufukuza ni ile katuli, kupiga maji kwa nguvu ili samaki wakurupuke kwenye nyavu, njia iliyopigwa marufuku. Aitaye humngoja samaki. Afukuzaye hawezi kungoja.

Mpaka hapa nimewaeleza wito wa hadaa. Dume linaitwa na jike asiyekuwapo. Funo anaitwa na mtoto asiyekuwapo. Simba anaitwa na adui asiyekuwapo. Sasa nataka niwape wito mmoja ambao mwitaji yupo kweli na anamaanisha anachosema. Na wito huo haupo mbali. Upo jirani na Usukuma, kwenye vilima na mapori ya ziwa Eyasi, kuanzia Karatu mpaka upande wa Meatu, kwa Wahadzabe, ambao Kiswahili cha zamani kiliwaita Watindiga. Ni watu wasiozidi elfu moja na mia kadhaa.

Huko kuna ndege mdogo wa rangi ya kijivu na hudhurungi, mlembe, ambaye wengine humwita kiongozi wa asali. Anajua mzinga wa nyuki wa porini ulipo. Anapenda nta na majana. Lakini hawezi kuufungua mti, na nyuki wanaweza kumuua. Binadamu ana shoka na moshi, lakini hajui mzinga ulipo. Basi Mhadzabe hupiga mluzi, mluzi wa kupanda na kushuka, kama anazungumza. Mlembe akisikia huja, hulia, huruka mti hadi mti, mtu anafuata, mpaka kwenye nyuki. Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Mhadzabe hamfuati nyuki, anamfuata ndege.

Habari za ndege huyu ni za kale katika maandishi. Mtawa Mreno João dos Santos, aliyekaa Sofala kwenye pwani ya Msumbiji mwishoni mwa karne ya 16, aliandika juu ya ndege aliyeingia kanisani kudonoa mishumaa ya nta, na aliyewaongoza watu kwenye nyuki. Kitabu chake kilitoka mwaka 1609. Wazungu wengi waliona ni hadithi tu za kubuni. Ilibidi Mkenya, Hussein Isack, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, wakae na Waborana wa kaskazini ya Kenya na kupima. Mwaka 1989 walionyesha kwamba katika maeneo wasiyoyazoea, watu walitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga bila ndege, na saa 3.2 wakiwa na ndege. Mwaka 2014 Brian Wood na wenzake walionyesha kwamba kwa Wahadzabe, ndege huongeza kasi ya kupata mizinga zaidi ya mara tano.

Halafu Claire Spottiswoode akaenda kwa Wayao wa Niassa, Msumbiji, ndugu wa Wayao wetu wa Tunduru na Masasi. Wao hawapigi mluzi. Hutetemesha ulimi kisha wakamalizia kwa mguno: "brrr-hm". Mwaka 2016 alichapisha kwamba mlio huo, ukilinganishwa na sauti nyingine, uliongeza uwezekano wa kupata mzinga kutoka asilimia kama 17 mpaka 54. Mwaka 2023 yeye na Wood wakafanya jambo ambalo mimi naliona tamu kuliko yote. Walipiga mlio wa Wayao kwa ndege wa Wahadzabe, na mluzi wa Wahadzabe kwa ndege wa Wayao. Ndege wa Tanzania waliitikia mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa Kiyao. Ndege wa Msumbiji waliitikia mlio wa kwao karibu mara mbili kuliko wa wageni. Kumbe ndege hazaliwi anajua. Anajifunza lugha ya watu wa kwao!

Lakini msidhani mkataba huu ni wa malaika. Wayao humwekea ndege nta juu ya majani kama malipo. Wahadzabe, kama Wood alivyoona, mara nyingi hufukia au huchoma nta iliyobaki ili ndege aendelee kuwa na njaa na aongoze tena. Na ndege mwenyewe si mtakatifu: jike hutaga katika kiota cha ndege mwingine, na kinda lake huzaliwa na ndoana mdomoni, likawaua kwa kuwauma watoto wa mwenye nyumba. Kila upande una siri yake mbaya. Hata hivyo mkataba umesimama. Ndege anaita, mtu anaitika. Mtu anaita, ndege anaitika.

Kinachouvunja si udanganyifu, ni ukimya. Mahali ambapo watu wameacha kutafuta asali ya porini, wakanunua sukari dukani, mlembe huacha kuongoza. Ndege bado yupo, anakula nta anapoipata, lakini hana tena wa kuzungumza naye. Kizazi cha ndege kisichosikia mluzi hakijui maana ya mluzi. Na hakuna sheria ya bunge, wala hifadhi, wala askari mwenye bunduki, anayeweza kuirudisha lugha hiyo. Inalindwa na kitu kimoja tu: watu wanaoendelea kuita.

Hapa ndipo hoja yangu inapotua, na inawahusu ninyi mnaosoma jarida hili na kuficha daftari za hadithi chini ya godoro. Tumezoea kusema kwamba mila zinakufa kwa sababu wazee wanakufa. Si hivyo. Wazee wamekufa tangu dunia iumbwe, na nyimbo zikabaki. Mila inakufa pale anayeita anapokosa wa kumwitikia. Bayege waliimba, na vijana waliokuwa wakiitikia tukaondoka tukaja mjini. Sijui kumwita nyumbu, na siombi nifundishwe kumuua. Serengeti ibaki hifadhi, nyumbu wakorome kwa amani mwezi wa Mei. Lakini namna mtu alivyomjua nyumbu kiasi cha kuweza kuzungumza naye, hiyo ni elimu yetu, na kuiandika si ujangili.

Kwa hiyo nawaomba. Kila mmoja wetu anaye mzee, Magu, Bunda, Ukerewe, Sengerema, Geita, aliyewahi kuingia porini au kulala ziwani. Msimuulize "uliua wangapi," kwa maana swali hilo linamfunga mdomo, au linamfanya adanganye. Muulizeni "uliitaje?" Mtaona uso utakavyobadilika. Atabana pua, au atakunja midomo, au atainua kiganja, na kitatoka kitu ambacho hakipo katika kitabu chochote. Kiandikeni, na kama mna kinasa sauti, kirekodini, pamoja na jina la mnyama kwa lugha ya kwenu, mwezi wake, na upepo wake. Na mkishamaliza kuandika, mjaribuni mbele yake mlio ule mpaka acheke na kusema mmekosea, kisha awarekebishe.

Nami nimeanza na wangu. Kazi kwenu.